Sun City: Kasri la Kubuni Katika Nchi ya Watswana

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila Ijumaa jioni, barabara itokayo Johannesburg kuelekea kaskazini-magharibi ilijaa magari. Yalipita kando ya bwawa la Hartbeespoort, yakaiacha nyuma milima ya Magaliesberg na migodi ya platini ya Rustenburg, na baada ya kama saa mbili yakavuka mpaka ambao hakuna nchi ya nje iliyoutambua. Waliokuwamo wengi walikuwa wazungu wa Afrika Kusini, na kwao dhambi ilikuwa na mipaka ya kijiografia. Nyumbani, sheria ya mwaka 1965 iliwakataza kamari karibu zote isipokuwa dau la mbio za farasi. Sheria nyingine zilikataza filamu za uchi, na nyingine zilimfunga jela mzungu aliyelala na mtu mweusi. Ng'ambo ya mpaka ule marufuku hizo zilikoma. Kulikuwa na meza za ruleti, safu za mashine za kamari, wacheza dansi waliovaa manyoya na vingine vichache, na bwawa la kuogelea ambamo weusi na weupe waliingia pamoja.

Nchi ile iliitwa Bophuthatswana. Serikali ya Makaburu iliitangaza kuwa huru tarehe 6 Desemba 1977, chini ya Rais Lucas Mangope, makao makuu yakiwa Mmabatho. Ilikuwa vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kimoja kikiwa mbali kabisa huko Free State, na katikati ya vipande hivyo mashamba mazuri yalibaki mikononi mwa wazungu. Lengo lilijulikana. Mtswana aliyezaliwa Soweto, ambaye pengine hakuwahi kuiona Mmabatho, aliamka siku ile akiwa amevuliwa uraia wa Afrika Kusini na kuvishwa uraia wa nchi asiyoijua. Akidai kura, ataambiwa akaipige kwao. Umoja wa Mataifa ulikataa kuutambua uhuru huo, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika vilevile. Waliobadilishana mabalozi na Mmabatho walikuwa Pretoria yenyewe na bantustani nyingine, yaani “nchi” za namna hiyohiyo walizotengewa weusi.

Lakini nchi bandia ilikuwa na bunge, bunge lilitunga sheria, na sheria hizo ziliruhusu kasino. Mtu aliyeiona nafasi hiyo mapema kuliko wengine ni Sol Kerzner.

Kerzner alizaliwa mwaka 1935 katika mtaa wa Troyeville, Johannesburg, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Alisomea uhasibu, na kwa muda mfupi akafanya kazi hiyo. Mwaka 1964 alifungua hoteli ya Beverly Hills pwani ya Umhlanga, karibu na Durban, na miaka mitano baadaye, akishirikiana na kampuni ya bia ya South African Breweries, akaanzisha mtandao wa hoteli za Southern Sun. Alipenda vitu vikubwa, alisimamia ujenzi mwenyewe, na alijua kwamba mtu wa likizo hanunui kitanda; ananunua siku chache za kuwa mtu mwingine. Alikuta bonde kavu lenye miiba chini ya milima ya Pilanesberg, akalichagua. Tarehe 7 Desemba 1979, miaka miwili na siku moja baada ya “uhuru” wa Mangope, Sun City ilifunguliwa.

Mahali penyewe panastahili kuelezwa, maana hata bila kasino pangekuwa pa ajabu. Pilanesberg ni mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Ukiitazama kwenye ramani unaona vilima vimejipanga katika mapete, pete ndani ya pete. Mwaka uleule wa 1979 eneo hilo lilifanywa hifadhi ya wanyama. Lilikuwa nchi ya mashamba na malisho, wanyamapori wakubwa walikwisha zamani, hivyo wanyama wapatao 6,000 walikamatwa kwingineko na kuletwa kwa malori: twiga, punda milia, vifaru, tembo. Kabla ya wanyama kuingia, watu walitolewa. Miongoni mwao zilikuwamo familia za Bakgatla zilizokuwa zikilisha ng'ombe kwenye mabonde yale. Na nje kidogo ya lango la Sun City kulikuwa na kijiji cha Ledig, makazi ya Bakubung, watu ambao serikali iliwahamisha kutoka ardhi yao ya awali katika miaka ya 1960. Wengi waliotandika vitanda, kufagia njia na kumwagilia nyasi za gofu walitoka vijiji kama hicho. Mgeni wa Ijumaa aliona hoteli, simba wa sanamu na taa. Mpishi wa hoteli hiyohiyo aliona kazi ya kwanza ya mshahara iliyopatikana karibu na nyumbani tangu ahamishwe. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia historia ya mahali hapa hana ruhusa ya kuacha moja.

Hata wanyama walilipa gharama ya kuhamishwa. Tembo wengi walioletwa Pilanesberg walikuwa yatima, wadogo walionusurika mavuno ya tembo katika Hifadhi ya Kruger, ambako wakubwa wao walipigwa risasi ili kupunguza idadi. Walikua bila wazee. Katika miaka ya 1990 madume hao vijana wakaanza kuwaua vifaru weupe, wakaua zaidi ya 40, na walinzi hawakuelewa kulikoni. Ukatili huo ulikoma mwaka 1998, yalipoletwa madume makubwa kutoka Kruger. Vijana waliwatii mara moja.

Turudi kwenye taa. Kerzner alijua kwamba kasino peke yake haitoshi kumtoa mtu nyumbani. Lazima kuwe na tukio la kusimulia Jumatatu kazini. Hivyo akanunua matukio. Oktoba 1980 Mike Weaver, bingwa wa ngumi za uzito wa juu, alikuja kutetea mkanda wake dhidi ya Gerrie Coetzee, mwana wa Boksburg, akamwangusha raundi ya 13. Julai 1981 Frank Sinatra alifungua ukumbi mpya wa Superbowl, wenye viti takriban 6,000, kwa malipo yaliyozidi dola milioni 1, na Mangope akamvisha nishani. Mwishoni mwa mwaka huohuo wachezaji watano wa gofu, Jack Nicklaus, Gary Player, Lee Trevino, Seve Ballesteros na Johnny Miller, walishindania kitita cha dola milioni 1 kwenye uwanja uliosanifiwa na Player mwenyewe. Miller na Ballesteros walifungana, wakaongezewa shimo baada ya shimo hadi la tisa, na Miller akaondoka na dola 500,000. Katika zama zile hakuna mashindano ya gofu yaliyokuwa yakimlipa mshindi fedha za namna hiyo.

Kwa Pretoria hii ilikuwa neema. Tangu mwaka 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limewataka wasanii na wanamichezo waisusie Afrika Kusini, na mwaka 1983 ikaanza kuchapishwa orodha ya waliokaidi. Sun City ilitoa kisingizio tayari: hatuendi Afrika Kusini, tunaenda Bophuthatswana, na huko watazamaji hawabaguliwi. Kisingizio hicho kiliwanunua wengi. Elton John alikuja, Rod Stewart alikuja, Linda Ronstadt alikuja. Wapo waliokataa: mcheza tenisi John McEnroe alipewa ahadi ya kitita kikubwa ili acheze na Björn Borg katika Bophuthatswana, akakataa, na jina lake liheshimiwe kwa hilo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama kidogo Oktoba 1984. Mwezi huo bendi ya Queen ilipiga mfululizo wa maonyesho Superbowl, na mwimbaji wake alikuwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye familia yake ilihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Sauti yake iligoma katikati ya ratiba, na baadhi ya maonyesho yakafutwa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina la bendi likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Wao walijitetea kwamba wanampigia yeyote anayetaka kuwasikia, na mapato ya rekodi moja wakayatoa kwa shule ya watoto viziwi na vipofu katika Bophuthatswana. Sina shaka na nia yao njema kwa watoto wale. Lakini mtu aliyezaliwa mahali ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga wakazi kwa asili zao, Waarabu huku, Wahindi kule, Waafrika pale, angeweza kuusoma mchezo wa Mmabatho kwa haraka kuliko msanii mwingine yeyote aliyepanda jukwaa lile.

Mwaka 1985 jibu lilikuja kwa njia ya muziki wenyewe. Steven Van Zandt, mpiga gitaa aliyekuwa na Bruce Springsteen, alisafiri hadi Afrika Kusini, akaiona Sun City kwa macho yake, akarudi Marekani na kuwakusanya wenzake kwa jina la Wasanii Walioungana Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi. Springsteen alikuwamo, Bob Dylan, Miles Davis, Run-DMC, Gil Scott-Heron, Bono, Peter Gabriel na wengi wengine. Wimbo wao ulibeba jina la hoteli ile, na ahadi yake ilikuwa moja: hatutapiga pale. Baadhi ya redio za Marekani ziliukwepa. Hata hivyo ulikusanya zaidi ya dola milioni 1 kwa ajili ya harakati, sehemu yake ikienda kwenye elimu ya Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Wakati huo vijana wengi wa namna hiyo walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, iliyojengwa juu ya shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa. Kuna Mtanzania aliyesikia jina la Sun City kwa mara ya kwanza kutoka kwa vijana hao, akalijua kama jina la aibu kabla ya kulijua kama jina la mahali pa starehe.

Baada ya wimbo ule, wasanii wakubwa waliadimika. Kerzner akahitaji kivutio kisichotegemea mgeni kupanda ndege kutoka Los Angeles. Akaamua kulifanya jengo lenyewe ndilo tukio, na Desemba 1992, Mandela akiwa tayari nje ya gereza na mazungumzo ya katiba yakiendelea, akafungua Lost City, mji uliopotea.

Nimeitembelea, na sitajifanya sikuvutiwa. Mbele ya hoteli ya Palace duma wa shaba wanawakimbiza swala juu ya chemchemi, kila mnyama akiwa amenaswa katikati ya mruko. Minara inapanda na kuchanua kama minazi. Ukiingia, kuba lililochorwa misitu na wanyama liko juu sana kichwani, na mbele zaidi amesimama Shawu, sanamu ya tembo aliyesifika Kruger kwa urefu wa pembe zake. Zege limechongwa na kupakwa rangi hadi linafanana na jiwe lililoliwa na karne nyingi. Nje, miti iliyoletwa ikiwa imekomaa imekuwa msitu. Kuna daraja linalotikisika na kutoa moshi kila baada ya muda, kuigiza tetemeko la ardhi, na watoto hulisubiri kwa kelele. Kuna ufuko wa mchanga na bwawa ambalo mashine inalisukumia mawimbi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Kwenye shimo la 13 la uwanja wa pili wa gofu, uwanda wa kumalizia umekatwa kwa umbo la bara la Afrika, na mbele yake wamelala mamba halisi. Mafundi waliofanya kazi hii, wachongaji, wapaka chokaa, wapanda miti, walifanya kazi ya kiwango cha juu kabisa, na wengi wao walikuwa watu wa hapahapa.

Shida yangu ni hadithi inayouzwa pamoja na jengo. Hapo zamani, mgeni anaambiwa, watu kutoka kaskazini walilifikia bonde hili, wakajenga kasri na mji wa fahari, wakaishi kwa raha, hadi tetemeko lilipouangamiza mji na wao wakatoweka. Karne zikapita. Kisha wavumbuzi wakaugundua na kuurudishia uzuri wake. Hadithi hii ina wazazi. Mwaka 1885 Rider Haggard alichapisha riwaya ya machimbo ya Mfalme Suleimani, na kwa miaka mingi wazungu wa kusini mwa Afrika walisisitiza kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na Wafoinike, au Malkia wa Sheba, au yeyote yule mradi asiwe Mwafrika. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alilikanusha hilo mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson akalikanusha tena mwaka 1929, na bado serikali ya Rhodesia iliendelea kuwabana waliosema kweli. Sisi wa pwani tunaujua mchezo huo: kwa muda mrefu Kilwa na Gedi ziliandikwa kana kwamba zilishushwa na majahazi kutoka Uajemi, zikiwa zimekamilika, na wenyeji walikuwa watazamaji tu. Tena dhahabu ya Zimbabwe ndiyo iliyoitajirisha Kilwa, na sarafu ya sultani wa Kilwa imepatikana huko Great Zimbabwe.

Hadithi ya kubuni ingekuwa nyepesi moyoni mwangu kama nchi ile isingekuwa na miji yake ya kweli. Inayo. Mwaka 1820 mmisionari John Campbell alifika Kaditshwene, makao makuu ya Bahurutshe, kaskazini mwa mahali ambapo leo uko mji wa Zeerust. Alikuta mji wa mawe juu ya vilima, nyua na kuta zikifuatana hadi macho yanachoka, akakadiria watu wapatao 16,000, karibu sawa na Cape Town ya wakati huo. Aliona tanuri za kuyeyushia chuma na shaba. Aliona nyumba zilizosakafiwa vizuri, mitungi mikubwa ya nafaka, na katika nyumba ya mkuu mmoja, kuta zilizochorwa tembo na twiga. Tembo waliochorwa ukutani, katika nchi hiyohiyo, miaka 172 kabla ya Palace kufungua milango! Miaka michache baada ya Campbell kuondoka, vita vilivyolipasua eneo lote la kati la kusini mwa Afrika viliufikia mji huo, ukavunjwa, na watu wakatawanyika. Karibu na Rustenburg kuna mabaki mengine, Molokwane, uliokuwa mji mkuu wa tawi moja la Bakwena hadi miaka ya 1820. Kuta zake bado zinasomeka: hapa zizi, hapa uwanja wa baraza, hapa mlango wa nyumba ya mke mkubwa. Aliyeuangusha ni binadamu, na wazao wa wajenzi hawakutoweka kokote. Wapo Rustenburg, wapo Ledig, wapo mapokezi ya Palace wakikukabidhi ufunguo wa chumba.

Mwisho wa Bophuthatswana ulikuwa wa haraka. Machi 1994 Mangope alikataa kushiriki uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Watumishi wa serikali wakagoma, Mmabatho ikawaka, wanamgambo wa Kikaburu wa AWB wakaingia kwa magari kumwokoa na watatu wao wakapigwa risasi barabarani mbele ya kamera, na kwa siku chache tu rais akawa hana nchi. Tarehe 27 Aprili, siku ya kura, bantustani zote zilirudi kuwa Afrika Kusini. Kerzner alibaki amesimama. Ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa hafla ya wageni mashuhuri katika kuapishwa kwa Mandela. Mashindano ya Miss World, yaliyofanyika Sun City tangu 1992 hadi 1995, yalirudi mwaka 2001, na usiku huo Agbani Darego wa Nigeria akawa msichana mweusi wa kwanza kutoka Afrika kulivaa taji. Happiness Magese aliiwakilisha Tanzania jukwaani palepale. Jukwaa lililotumika kuipamba bantustani lilitoa ushindi ulioshangiliwa kutoka Lagos hadi Dar es Salaam, na mimi ni mmoja wa walioshangilia.

Mwaka 1996 sheria mpya iliruhusu kasino nchi nzima kwa leseni 40, na Sun City ikapoteza ukiritimba wake. Mkazi wa Johannesburg hakuhitaji tena kuendesha saa mbili. Gold Reef City ilimpa mandhari ya enzi za machimbo ya dhahabu, na Montecasino, iliyofunguliwa mwaka 2000, ikampa kijiji cha Italia chini ya anga la kuchora ambalo jioni yake haigeuki usiku. Kerzner mwenyewe alihamishia ndoto zake Bahamas, akaijenga Atlantis, na mwaka 2008 akafungua Atlantis nyingine juu ya kisiwa bandia cha Dubai, huko ambako sheria haikuruhusu kasino, akathibitisha kwamba mji wa kubuni unaweza kusimama bila meza ya kamari. Alifariki Machi 2020.

Leo Sun City ni mahali pa familia kuliko ilivyokuwa. Mwishoni mwa wiki utasikia Kitswana, Kizulu na Kisotho bwawani, harusi zinapigwa picha kwenye ngazi za Palace, akina bibi wamejipanga kwenye mashine za kamari na vikapu vya chakula miguuni, na vijana wa shule wameletwa kwa mabasi. Wazazi wa wageni hawa wasingeweza kulala hoteli ya kawaida ya Pretoria. Furaha yao ni haki yao na sina neno la kuipunguza. Ninachodai ni kwa wenye hoteli na kwa serikali ya jimbo la North West: ile hadithi ya watu wa kaskazini waliotoweka ibaki kwa watoto kama mchezo, lakini kando yake, katika ukumbi uleule wa tembo, iwekwe ramani ya Kaditshwene na maneno ya Campbell, na magari yanayowapeleka wageni Pilanesberg alfajiri yawapeleke pia Molokwane mchana, wakiongozwa na vijana wa Kitswana waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Molokwane iko karibu na Sun City kuliko ilivyo Johannesburg.